Salamu za Kitanda kwa Kitanda

Nangara, Babati

Paskalina mwanangu,

Nakuandikia mchana, jua likiwa bado juu, kwa sababu mafuta ya taa hakuna. Yale kidogo yaliyobaki mama yako ameyaficha ili akuwashie taa alfajiri usichelewe basi la Arusha. Tena nikingoja jioni utakuwa umezungukwa na shangazi zako, na mimi nikianza kusema neno la maana mbele ya shangazi zako huwa naishia kuimba.

Habari za sanduku, nguo na jinsi ya kukaa na wenzako sina la kuongeza. Mama yako ameshakuambia yote, amerudia yote, na sasa namsikia huko uani anawaambia kuku. Mimi nataka kukusimulia habari za mguu wangu. Wewe ulikuwa bwenini wakati ule, tukakuandikia kwamba "baba ameumia kidogo, anaendelea vizuri." Hiyo "kidogo" haikuwa kweli, na hiyo "vizuri" haikuwa kweli. Neno la kweli lilikuwa "baba" peke yake.

Unakwenda kusomea uuguzi. Walimu wako watakufundisha muuguzi mzuri yukoje. Lakini mgonjwa mbaya yukoje, nani atakufundisha? Hapo mwanangu una bahati, maana baba yako ana elimu ya juu.

Ilianzia karakanani. Nilikuwa nachonga mabenchi ya kanisa la kigango, na mjomba wako Bonifasi alikuja kunitembelea. Unamjua mjomba wako, hana kazi anayoiweza lakini ana maoni juu ya kazi zote. Akaniuliza, "Shemeji, hiyo tezo huogopi itakukata?" Nikacheka. Nikamwambia fundi wa kweli hachongi kwa macho, anachonga kwa mkono. Na ili aamini, nikageuza uso nikamtazama yeye huku naendelea kuchonga. Tezo ikapita kwenye mbao, ikaingia kwenye muundi wa mguu wangu. Bonifasi alipoona damu akazimia. Ikabidi mimi niliyekatwa nichechemee hadi kwenye mtungi, nimmwagie maji yeye ambaye hakukatwa.

Kidonda chenyewe hakikuwa kikubwa. Mtu mwenye akili angekwenda hospitali siku ileile, kikasafishwa, akarudi kwenye mabenchi yake. Mimi nilikwenda mnadani. Pale, kati ya muuza vitunguu na muuza kamba, alikuwepo jamaa mwenye kopo la vidonge vya rangi mbili, amevianika juani kama mahindi. Nikamuuliza ni dawa ya nini.

"Kwani unaumwa nini?" akaniuliza.

Nikamwonyesha mguu.

"Basi ni ya hiyo."

Mama mmoja nyuma yangu akasema kuku wake wanaharisha.

"Ni ya hiyo pia," akasema.

Mwanangu, mtu mzima mwenye akili zake angeondoka. Mimi nikaona huyu ndiye mganga, ana dawa inayojua kazi nyingi. Nikanunua. Mguu ukiuma nameza viwili. Ukipoa naacha, nabakisha vya kesho. Vingine nilivifungua nikanyunyiza ule unga juu ya kidonda kama mtu anayetia chumvi kwenye nyama. Nilipopata mafua, nikavimeza kwa ajili ya mafua. Yule jogoo wetu mwekundu alipoanza kusinzia nilimpa naye kimoja, akafa. Nikasema ni kwa sababu hakumaliza dozi.

Kidonda kikawa kinafunga, kinafunguka, kinafunga, kinafunguka. Mwishowe kilitoa harufu iliyomfanya mama yako anihamishie karakanani pamoja na godoro. Nilipoanza kutetemeka kwa homa, Bonifasi akaniweka kwenye mkokoteni wake wa kubebea kuni, tukaenda hospitali, yeye akisukuma huku amegeuza uso pembeni asije akazimia tena njiani.

Wakati ule hali uliiona mwenyewe ulipokuwa ukirudi likizo. Sukari ya foleni, nguo ya foleni, unga wa njano. Sabuni ndiyo usiseme. Mtu aliyekuwa na miche mitatu ya sabuni ndani alikuwa hapati usingizi, anaogopa jirani atasema ni mlanguzi. Na hospitali ilikuwa hivyohivyo. Bendeji zilifuliwa kwa maji matupu, zikaanikwa kwenye ua wa michongoma. Glavu zilichemshwa, zikaning'inizwa kwenye kamba vidole vikitazama chini, kama mtu amekamua ng'ombe akasahau chuchu. Nilidungwa penisilini asubuhi na jioni. Mguu uliitazama tu ile penisilini.

Sasa nikueleze kosa langu, na usilicheke mpaka umalize barua. Kosa langu lilikuwa urafiki.

Unanijua. Siwezi kukaa penye watu nikanyamaza. Homa iliposhuka kidogo, nikajichongea gongo la kutembelea kwa ubao wa kitanda kibovu, nikaanza kuzunguka wodi asubuhi na mapema. Kila kitanda nilipeana mkono na mwenyewe, mikono miwili kabisa, nikauliza habari za usiku, za nyumbani, za ng'ombe. Nikamrekebishia huyu blanketi. Nikamfunulia yule kidonda nikione kinavyoendelea, nikatoa maoni, Bonifasi angeona fahari. Bendeji yangu ilikuwa inawasha, basi kati ya kitanda na kitanda nilikuwa najikuna. Kisha mkono uleule, "Habari za asubuhi, ndugu yangu!" Gongo langu aliazima kila mwenye kwenda chooni. Haukupita muda wodi nzima wakaniita Mwenyekiti. Nilipenda sana jina hilo.

Mtu mmoja tu hakunipenda, Sista Aikande. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Upareni, mdogo kwangu kwa umri, mwenye adabu zake zote. Ilikuwa nikifika kitanda cha tatu au cha nne namsikia nyuma yangu.

"Shikamoo, Baba Paskalina. Rudi kitandani."

"Marahaba, Sista. Nasalimia watu tu."

"Nimeona. Rudi kitandani."

Nilimwona mwanamke mgumu. Nilimwambia mama yako kwamba yule hakulelewa na watu. Jambo moja nililojifunza, mwanangu, ni kwamba anayekuamkia kwanza ndipo akukataze, amelelewa na watu wengi sana.

Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha Mzee Qamara wa Singe. Alikuwa amepasuliwa ngiri, mshono umefunga vizuri, anangoja ruhusa ya kwenda nyumbani. Mzee huyo nilimpenda kuliko wote. Alikuwa kiziwi kidogo, kwa hiyo hakuwahi kunikatiza. Kila asubuhi alinifunulia tumbo, nami nikampigapiga kidogo pembeni mwa mshono na kumwambia, "Mzee, hapa seremala mwenyewe angesifu."

Siku aliyotazamiwa kuondoka hakuondoka. Mshono ulikuwa umevimba, ukatoka usaha wa kijani, na harufu ile niliijua kabla sijaiona. Ilikuwa yangu. Baada ya hapo kijana wa kitanda cha mlangoni, aliyevunjika mkono kwa kuanguka kwenye trekta, naye kidonda chake kikageuka. Daktari akatupangusa usaha wote watatu kwa pamba, akatuma kwenye hospitali kubwa kwa basi. Tukangoja majibu. Na katika kungoja huko, mimi Mwenyekiti nikaongeza ziara, maana niliona watu wangu wana huzuni.

Majibu yalipokuja, Sista Aikande alivuta kigoda akakaa karibu na kitanda changu. Hakuwahi kukaa.

"Shikamoo, Baba Paskalina."

"Marahaba. Niko kitandani, Sista, unaona mwenyewe."

"Leo naona. Sikiliza. Kijidudu kilichoko kwenye mguu wako, na kwenye tumbo la Mzee Qamara, na kwenye mkono wa yule kijana, ni kimoja. Penisilini hakisikii. Rangi mbili hakisikii. Imebaki dawa moja inayokiua, na bohari letu halina."

Nikainua shingo nikaanza kutazama vitanda vya mbali, namtafuta mchafu. "Kimetoka kwa nani?"

"Kwako."

"Mimi? Sista, mimi nimeoga jana!"

Akaniuliza nilikuwa nameza nini kabla ya kuja hospitali. Nikamweleza habari za mnadani, za kumeza na kuacha, za unga na za jogoo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ulikuwa unavionjesha vijidudu dawa. Vile dhaifu vikafa, vile vyenye nguvu vikabaki, vikazoea, vikazaana. Umevifuga, Baba Paskalina. Umechagua mbegu bora kama mfugaji wa mbuzi. Halafu ukavigawa kitanda kwa kitanda."

"Kwa kusalimia?"

"Kwa mikono. Yako, na yetu pia. Sisi tunaofunga kidonda hiki tukahamia kile bila sabuni tumekusaidia kubeba."

Nilikasirika, mwanangu. Nilimwambia anataka nikae kama gogo, nisisalimie binadamu wenzangu.

"Salimia kwa mdomo," akasema.

"Salamu ya mdomo ni ya mtu mliyegombana naye!"

"Basi ugombane na watu kidogo, wapone."

Wenzangu wawili waliwekwa pamoja kwenye kona, nyuma ya shuka. Mimi nilipewa chumba cha peke yangu, na usidhani ni heshima. Kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Gongo langu alilichukua Sista akalitia jikoni, likapika uji wa wodi.

Kisha akatangaza sheria yake. Hakuna mtu atakayemgusa mgonjwa akamgusa mwingine kabla hajanawa kwa sabuni na maji, awe muuguzi, awe ndugu, awe daktari. Daktari wetu alikuwa mtu mwema aliyechoka. Akamuuliza, "Kwa sabuni gani, Sista?" Na kweli swali lilikuwa zuri.

Aliyejibu ni mama yako. Alikuwa ameniletea makande, akasikia yote akiwa mlangoni. Akarudi nyumbani, akaenda buchani akaomba mafuta ya ng'ombe yaliyokuwa yanatupwa, akachuja maji ya majivu, akayachemsha pamoja kwenye lile sufuria kubwa la harusi. Kesho yake akaja na ndoo ya kitu cha kahawia kinachotikisika. Kilikuwa sabuni. Kilitoa povu na kilitakatisha, sina la kukisema vibaya. Ila kilinukia nyama choma.

Mwanangu, nchi ilikuwa na njaa ya nyama. Wodi nzima ikawa inanukia kama sikukuu. Wagonjwa ambao walikuwa hawali wakaanza kuulizia chakula. Daktari alinawa mara nyingi kuliko wote kwa sababu ya kazi yake, basi ikawa akitoka jioni mbwa wa mjini wanamsindikiza mpaka kwake, wametulia, wamejipanga. Akamlalamikia Sista kwamba ana mkutano na hawezi kuingia mkutanoni ananuka supu. Sista akamwambia, "Shikamoo, daktari. Nawa."

Akaja kiongozi mmoja wa Chama kutembelea wagonjwa, na msafara wake, suti zimepigwa pasi. Mimi niliona kila kitu kupitia dirisha la stoo. Alikuwa ameshanyoosha mkono tayari kumpa mgonjwa wa kwanza. Sista Aikande akasimama katikati ya mlango na beseni. Mmoja wa msafara akamnong'oneza, "Sista, unajua huyu ni nani?" Akajibu, "Ndiyo, ni mgeni wetu. Mgeni hunawa." Kiongozi akamtazama, akatazama beseni, akanusa, akauliza kwa sauti ya chini kama leo kuna mchuzi. Akanawa. Msafara wote ukanawa. Walipoondoka, gari lao lilifuatwa na mbwa hadi barabara ya Singida.

Nilicheka mpaka mguu ukauma. Lakini jioni hiyo niligundua kwamba simsikii Mzee Qamara. Alikuwa na tabia ya kuongea na ng'ombe wake akiwa usingizini, anawaita majina. Alikuwa amenyamaza. Mama yako akaniambia homa imempanda, hamtambui mkewe.

Hapo ndipo utani ulipoisha. Nililala katikati ya vile vitanda vibovu nikaitazama mikono yangu. Mikono ya fundi, iliyotengeneza nusu ya viti vya Nangara. Sikuwahi kuiona ikiwa na hatia ya kitu chochote.

Daktari akapanda lori kwenda Arusha kutafuta ile dawa. Alirudi amejaa vumbi, na chupa chache mfukoni. Sista akaja mlangoni kwangu, akasimama kwenye kizingiti.

"Dawa imepatikana. Inamtosha mtu mmoja. Tunampa Mzee Qamara."

Na baba yako akasema nini? Ningependa kukuandikia kwamba nilisema, "Mpeni, ndiyo haki." Sikusema hivyo. Nilisema, "Sista, mimi nina watoto shuleni. Yule mzee ameshakula chumvi yake." Nililisema kwa sauti, na kwa kuwa lile dirisha lilikuwa wazi, mke wa Mzee alisikia.

Sista hakunigombeza. Alisema, "Kijidudu chake kimeingia kwenye damu, bila dawa hatapona. Chako kimekaa mguuni. Kidonda chako tutakikata na kukiosha mpaka kichoke. Utaumia sana, lakini utakuwepo kuwasomesha hao watoto." Kisha akaongeza, "Na yule kijana wa trekta ameshakubali hivyohivyo. Yeye hana watoto wa kunitajia."

Waliukata ule uozo, wakauosha mguu kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, kila siku. Nilipiga kelele zilizosikika hadi Mutuka. Bonifasi alikuja kunishika mkono, akanawa kwanza, akaona mkasi, akazimia, akaokotwa, akanawa tena. Usimdharau mjomba wako. Alikuja siku zote, na siku zote alizimia.

Na kila asubuhi, kwa kuwa sikuweza kwenda kitandani kwake, nilipiga kelele kupitia dirishani: "Shikamoo, Mzee Qamara!" Kimya. Kesho yake tena. Kimya. Nilimwomba radhi mkewe, naye akanijibu tu, "Endelea kumwita." Nikaendelea.

Asubuhi moja niliita kama kawaida, na kabla sijaondoka dirishani ikaja sauti nyembamba kama ya ndama:

"Marahaba, muuaji wangu! Umeshanawa?"

Mwanangu, nilikaa sakafuni nikalia, na nikacheka, na sijui kipi kilitangulia. Wodi ilipiga makofi. Hata yule kijana wa trekta, ambaye mkono wake ulikuwa umeanza kuota nyama nyekundu nzuri, alipigapiga kitanda kwa mkono wake mzima.

Baada ya beseni lile, hakuna mshono mwingine uliogeuka kijani muda wote niliokuwa pale. Sista hakusherehekea. Nilipomsifu alisema kijidudu hakiendi likizo. Siku ya kuruhusiwa nilinyoosha mkono kumuaga, akautazama ule mkono wangu, akanipa shikamoo nyingine tu. Nilielewa. Sikukasirika.

Mzee Qamara alikuja hapa nyumbani mwaka jana, kwa miguu, kutoka Singe. Nilidhani amekuja kudai fidia. Alikuwa anataka kiti. Nikamchongea. Nilipokuwa nachonga alikaa pembeni na hakuniuliza kama naogopa tezo, aliniambia tu, "Tazama kazi yako." Nikatazama.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sina hotuba. Ila utakapovaa ile nguo nyeupe utakutana na mtu kama mimi. Atakuwa mcheshi. Atakuuliza jina la mama yako na habari za kwenu, atakusaidia kubeba ndoo. Atakwambia vidonge vinamtosha kwa sababu leo hasikii maumivu. Watu watampenda, na wewe utampenda, na utaona vibaya kumkataza mbele ya wenzake. Mwamkie. Mweleze ukweli akiwa amekutazama machoni, usiupambe na usiutilie tusi, kama Sista Aikande alivyonieleza mimi. Akikasirika mwache akasirike, hasira haiambukizi. Na akikutajia watoto wake, jua kwamba anaogopa.

Usiku ule wa kwanza huko utakapolia, maana utalia, usituandikie kwamba unaendelea vizuri. Tuandikie kweli. Familia hii imeshaandika "vizuri" ya kutosha.

Shangazi zako wameingia, nawasikia getini. Naacha kalamu kabla sijaanza kuimba. Mungu akutangulie barabarani, akurudishe kwetu ukiwa na maringo kidogo, uyastahili.

Mimi baba yako, mwenye kuchechemea.

Na ukikuta wodi ina mgonjwa mmoja ambaye wote wanamwita Mwenyekiti, mwanangu, usiulize mengi. Anza kumnawisha yeye.